Nguo ya Njano Msibani

Delhi, India

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikijua hutaitika. Dada Bona ameniambia kwamba tangu tumzike kaka Fidelis (nasema tumzike, na mimi sikuwepo) hujamsemesha mtu, na akikuwekea simu sikioni unamrudishia. Haya, barua utamrudishia nani? Kifua chako vipi? Na ule mguu wa kulia, bado unakusumbua ukipanda shambani? Habari ya kula siulizi. Najua huli.

Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sina. Mlinificha msiba siku tisa, eti nisivuruge mtihani wangu wa kuimba. Nilipoambiwa, matanga yalikuwa yameshaanuliwa, na mimi nilikuwa nimetoka kununua kitambaa cha njano. Nilikaa sakafuni bwenini nikalia mpaka wenzangu wakaja kugonga mlango. Nilikasirika sana, Mjomba. Hadi leo nimekasirika.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha sikukuu. Huku baridi ikiisha kuna majira ambayo sisi wa milimani hatuna jina lake, wao wanayaita Basant. Haradali, ile ile ya kwenye Injili, inachanua shamba zima njano, na watu nao wanavaa njano. Mwalimu wangu wa kuimba, mzee mmoja wa hawa tunaowaita Makalasinga, ananifundisha raga ya majira haya. Raga ni njia ya kuimba yenye sauti zake na wakati wake. Hekaluni kwao wanaimba kwa raga hiyo mashairi ya kumsifu Mungu anayechipusha hata mti mkavu. Nikamwambia, "Mwalimu, hayo siyawezi. Kaka yangu yuko ardhini." Hakunibishia. Kesho yake akanipeleka kwenye kaburi la walii mmoja wa Waislamu, masufi walikokuwa wanaimba.

Huko njiani ndipo aliponisimulia. Walii huyo, wanasema, alifiwa na mpwa wake. Mtoto wa dada yake, Mjomba! Akanyamaza siku nyingi, hacheki wala hasemi. Rafiki yake mshairi akaona wanawake waliovaa njano wanapeleka maua ya haradali kusali, naye akavaa kama wao, mwanamume mzima, akaenda kumwimbia mpaka mzee akatabasamu. Ndiyo sababu kila mwaka wanapeleka haradali pale kaburini.

Watu wale hawajui mpwa ni nani kwa Mluguru, hawajui kwamba Fidelis ndiye angekurithi, lakini niliona wanaimba habari zako. Nikarudi nikashona kile kitambaa. Siku ya sikukuu nikavaa njano katika msiba wangu, nikaimba. Sauti ilikatika mstari wa pili. Nikalia mbele za watu, mwalimu akamalizia peke yake.

Sasa nifanyeje? Ruhusa ya kusafiri sina hadi muhula uishe. Ningekuwa huko ningevaa hata gunia nicheze mlangoni pako mpaka ucheke au unifukuze. Dada anasema suruali zako hazishiki tena kiunoni. Naogopa, Mjomba. Kila simu ya nyumbani ikiita nadhani ni wewe umekufa.

Najua unachowaza. Wewe ndiye uliyemtuma Dakawa akalime mpunga, na pawatila, kile kitrekta cha kusukuma kwa mikono, ikapinduka naye mferejini. Lakini Fidelis alikusumbua miaka miwili umruhusu, mimi mwenyewe nilikuwa nasikia. Mama hakulaumu. Hakuna anayekulaumu ila mimi, na mimi nakulaumu kwa huku kunyamaza tu.

Msalimie Mama, mwambie namuota kila mara. Msalimie katekista aliyenifundisha kusoma noti. Msalimie na yule jirani anayekuletea uji usiounywa, umwambie nimesema asante. Dada Bona nimemkataza kabisa kufikisha salamu hizi, na nimewaomba wote watatu waniambie kama wamezipata. Ni lazima ufungue mdomo, Mjomba, mara tatu tu. Nami nitakaa na simu mkononi kusubiri kuambiwa.

Ni mimi mpwa wako aliye hai,

Yustina