Mwambie Asimkaribishe Mtu

Nyumbani kwa binti yangu, chumba cha uani
Jumapili, baada ya chai

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Hujambo? Na shemeji, presha imetulia? Mimi nipo, ila wa kitandani. Miguu imejaa maji, na mkono unatetemeka hadi binti yangu ananiuliza kama naandika barua au cheti cha daktari. Daktari mwenyewe haniandikii tena dawa mpya; ananipigapiga bega tu. Nimemwelewa.

Habari ya mwanao kufungwa imenifikia, nimelia. Unasema Alhamisi utaruhusiwa kumwona kabla hajahamishiwa gereza kubwa, na unaniuliza umwambie nini, kwa kuwa katika ukoo wetu ni mimi tu niliyelala huko, ile miaka niliyofungwa kwa ajali ya gari. Jirani yetu dereva wa lori atakufikishia barua hii mkononi.

Mpelekee sabuni na malapa. Chakula ni uji mwepesi na maharage yaliyobunguliwa, yale ambayo mwenye duka anaona haya kuyauza. Atayazoea.

Lakini kubwa ni hili: asimkaribishe mtu yeyote kwenye bakuli lake.

Mama alitulea hivi: mtu akikukuta unakula, unasema karibu, naye anashukuru, anapita. Siku yangu ya kwanza mle ndani, mnyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, alisimama mbele yangu. Nikasema karibu. Akaketi, akala nusu. Kesho yake akarudi, nikafunika bakuli kwa mkono. Chumba kizima kikacheka.

"Mwalimu, si ulinikaribisha mwenyewe? Au kwenu mtu hukaribishwa siku moja?"

Ndiyo sheria yao: ukishamkaribisha mtu, nusu ni yake hadi utoke. Baada ya chakula likafuata blanketi, kisha zamu zake za kumwaga ndoo ya choo. Mimi niliyefundisha watu kusema kila kitu, sikuweza kusema hapana.

Sasa lile ambalo hata marehemu mke wangu sikumwambia.

Mwaka wa pili aliletwa fundi cherehani, kijana mpole, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alipopokea bakuli lake nilikwenda nikasimama mbele yake. Nilijua atakachosema, maana alilelewa kama sisi.

"Karibu, mwalimu."

Nikaketi.

Tangu siku hiyo nilikula nusu yake. Akakonda, akaanza kukohoa. Mnyapara alimtania, "Fundi, umekuwa sindano, tutakutia uzi," nami nikacheka na wengine. Kila jioni alinisogezea bakuli kabla sijafika. Baridi ilipoingia alipelekwa zahanati ya gereza, akafia huko. Jioni ile chakula chake kilikuja kama kawaida, nao wakanipa mimi, kwa kuwa nusu ilikuwa yangu. Nilikila chote.

Unakumbuka ulivyonuna siku ya harusi yako, nilipokataa kula? Kila ukinikaribisha nasema nimeshiba. Sikuwahi kushiba, mdogo wangu. Neno lile tu silimudu.

Usijisumbue kunisamehe, mwenye haki hiyo nilimla. Nakuandikia kwa sababu mwanao umemlea vizuri, na hilo ndilo linalonitia hofu. Mwambie ageukie ukuta, ale. Mtu akisimama, aseme "hiki changu", bila samahani. Watamtukana, huenda watampiga. Avumilie. Na usimfiche la pili: njaa ikimzidi, asiende kusimama mbele ya mgeni.

Nisalimie shemeji, na shangazi anayeuza vitambaa, mwambie mzaha wake bado naudai. Wajukuu wapake mafuta kichwani kwa niaba yangu.

Mungu akutie nguvu Alhamisi, na amrudishe mwanao akiwa yuleyule. Siku hiyo mimi sitakuwapo. Mwandalie meza, umwambie karibu, na umwache ale peke yake hadi abakize.

Wako akupendaye,
Kaka yako, Mwalimu