Bomba Nyuma ya Bampa

Ofelia, unakumbuka jirani yetu Boudreaux alivyomwuliza mwanangu Efraín siku ile anafunga bomba jipya la kuvutia hewa ya injini kwenye gari? "Kijana, la zamani lilikuwa juu. Hili limeshuka mpaka nyuma ya bampa. Mvua ya Houston ikija, litavuta hewa au maji?"

Efraín akacheka. "Mzee, we sikiliza muungurumo tu!"

Mwenzangu, leo limevuta maji.

Binti yangu Renata hakujua kwamba kaka yake amegusa kitu kwenye gari la marehemu baba yao. Alifika chini ya daraja, mtoto wake amekaa kiti cha nyuma, akapima maji kama baba alivyomfundisha: yasipofika nusu ya gurudumu, pita polepole. Hayakufika!

Gari likazimika katikati. Akawasha tena, chuma kikagonga ndani mara moja, kisha kimya. Na maji yanapanda. Mtoto katolewa dirishani na watu wa lori lililokuwa likipita, Ofelia. Dirishani! Namshukuru Mungu.

Aliyelikokota gari anasema injini imekunywa maji, haifai tena.

Renata kaingia sasa hivi, nguo zinachuruzika. Efraín hata hakumtazama mtoto. "Nani alikutuma upite kwenye maji? Umeniulia gari!"

Umeniulia gari. Nimeyasikia kwa masikio yangu.

Nikamwambia, "Efraín, mwombe dada yako msamaha." Akageukia dirishani.

Renata akaweka funguo za gari mezani, mbele ya picha ya baba yake. Akambeba mtoto, akatoka nje kwenye mvua.