Rimu Nyeusi za Baba Wawira

Jumapili, 7 Machi 1999
Wawira ameshika gurudumu la baiskeli ya babake sasa hivi akapiga nduru. Vidole viwili vyekundu. Nimevitia maji, nikavipuliza, amelala na machozi mashavuni. Njeru, mume wangu, alikuwa ameteremka mlima akifunga breki mpaka mlangoni, anajaribu rimu mpya. Nyeusi, za kaboni. Mzungu aliyekuja mbio za mwaka jana ndiye alimwachia. Nyepesi, unainua na kidole. Na tairi yake ni ya tyubu, si ile ya kubandikwa kwa gundi, panchari tunaziba wenyewe. Hiyo ndiyo ilimaliza maneno. Zile za zamani za chuma amesema nimpe mtu wa vyuma chakavu.
Nimeguza mwenyewe. Moto kama sufuria.

Jumanne, 9 Machi
Nimemwambia Njeru. Nikasema labda ni raba za breki. Fundi Nyaga huzikata kwa tairi kuukuu ya lori, ngumu kama kwato. Kwa chuma hazina neno, kwa kaboni zinawasha moto.
"Mama Wawira, wewe na rimu mlijuana lini?"
Nyaga naye: "Shemeji, moto yako ni ile ya jikoni."
Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka pia. Najichukia kwa hicho kicheko.

Alhamisi, 11 Machi
Mbio ni keshokutwa, Meru hadi Embu. Akiingia watatu wa kwanza, timu ya kiwanda inamwandika kazi. Tutatoka kwa chumba cha ndugu yake hapa mtaa wa Dallas, Embu. Nataka ashinde. Nataka pia atumie za chuma. Sijazipeleka popote. Ziko chini ya kitanda.

Jumamosi, 13 Machi
Ameanguka. Mteremko wa Karurumo. Alikuwa wa pili. Tairi ya mbele ililipuka, mfupa wa bega ukavunjika. Rimu imefura ukingoni kama mkate.
Yuko hai. Asante Mungu.

Jumapili, 21 Machi
Watu wa kanisa walikuja kumwona. Amewaambia ni jiwe. Jiwe! Walipotoka akanigeukia mimi: eti mdomo wangu ulimtangulia barabarani ukamwitia mkosi. Nilikuwa namlisha uji na kijiko. Nikaendelea kumlisha.

Jumatano, 7 Aprili
Kumenyesha vizuri. Vidole vya Wawira vimepona, hata alama hakuna.
Asubuhi Njeru ameuliza, akiangalia ukuta, kama mtu wa vyuma chakavu alishapita. Nikainama nikazivuta zile za chuma chini ya kitanda. Amezungusha moja na mkono mzima, ikalia ile sauti yake. Wawira akaishika. Baridi.
Nyaga ameleta raba mpya, ametulia kama mtu wa kuungama. Njeru ameniuliza mimi kwanza, tuweke hizi au zile za lori. Nimesema wacha nifikirie. Mimi! Sasa nimefikiria, nitamwambia zile za lori, kwa chuma hazina neno.
Ananiita, "Mama Wawira, kuja ushike hapa," na sijamaliza kuandika.