Vali Iliyokazwa

4 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeacha kununa. Mimi ni mzima wa mwili. Mama anakusalimu, anasema kama unamwogopa dada yako useme tu, siyo kupita mjini kimyakimya bila kubisha hodi.

Nina jambo la kukuuliza, na nakuuliza kama mwalimu wangu kwanza, mjomba baadaye. Unalijua boila la kiwanda chetu cha kufulia. Wewe ndiye uliyesimamia likifungwa, kabla Shemeji hajawa meneja hapa na kabla hajamwoa binti yako. Limezeeka, Mjomba. Mwezi uliopita vali ya usalama ilianza kufunguka yenyewe. Ikifunguka, mvuke unatoka, presha inashuka, pasi zinapoa, mashuka ya hospitali yanachelewa. Mhandisi angeuliza kwa nini inafunguka. Shemeji hakuuliza. Aliwaambia mafundi wakaze springi mpaka mwisho, na sasa vali haifunguki hata kwa dawa.

Niliilegeza kwa mkono wangu. Kesho yake nikaikuta imekazwa tena. Nikamfuata ofisini. Akacheka, akasema, "Shemeji, boila halisomi vitabu vyako."

Lakini kukaza vali ile ni kumziba mtu mdomo huku anatapika. Kitu lazima kitoke, na kikikosa mlango kitatoboa ukuta. Na ukuta wenyewe ni wa tofali moja. Nyuma yake ndiko wanakopiga pasi wale akina mama. Yupo mmoja anaitwa Mama Mapacha, hana mapacha wowote, wanamwita hivyo kwa kuwa anakula kwa niaba ya wawili. Meza yake imegusana na ukuta ule, anasema joto lake linamtuliza mgongo.

Tena nimegonga tumbo la boila kwa chini, likalia butu, kama debe lenye tope. Nadhani kutu imelila bamba kwa ndani. Nimeomba lizimwe, lipoe, tulifungue na kupima. Nimekataliwa. Wiki ijayo nataka kwenda kwa wakaguzi wa viwanda. Nifanye hivyo? Tafadhali usimwambie mtu, hata Dada, binti yako. Shemeji ni mumewe, na sitaki maneno yaingie chumbani kwao kabla ya kufika panapohusika.

Mpwa wako akupendaye

&nbsp;

9 Machi

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba, marahaba tena. Goti bado linanuna, lakini limezoea kubembelezwa. Mwambie mama yako simwogopi yeye, naogopa maswali yake.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimesimama. Umeona kama mhandisi anavyotakiwa kuona. Sauti butu si kitu cha kupuuza, na mtu anayekaza vali ya usalama anacheza na roho za watu. Hayo nilikufundisha, sitayameza leo.

Ila tulia kidogo. Ukienda kwa wakaguzi kwa pupa, bila kipimo mkononi, watakuona mtoto anayeshtaki wakubwa. Nipe muda nifikirie njia nzuri. Usiende popote mpaka nikuandikie. Siri yako iko nami salama kama meno yangu, na meno yangu, ashukuriwe Mungu, yote bado yamo.

Kula vizuri. Mhandisi mwenye njaa hukosea mahesabu.

Mjomba wako

&nbsp;

27 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Natumaini na huko ni wazima.

Nilingoja barua yako, haikuja. Waliokuja ni wakaguzi. Hawakuitwa na mimi. Shemeji ndiye aliyewaita, kwa hiari yake, akawapokea getini kwa soda na tabasamu. Walipofika kwenye boila walikuta vali mpya inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Wakaijaribu, ikafunguka vizuri kabisa. Wakamshukuru kwa uangalifu wake.

Nikasema, "Naomba mpime bamba la chini."

Mkaguzi mmoja akaniuliza, "Una kipimo chochote?"

Nikasema sina, kwa sababu sijaruhusiwa kulizima. Shemeji akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa. Akawaambia nilitaka cheo nikakosa, tangu hapo naona majini kila penye bomba. Wakaandika yao, wakaondoka.

Baada yao aliniita ofisini. Alikuwa na barua ya kunifukuza, imeshapigwa muhuri. Nikamuuliza kosa langu. Akaegemea kiti, akasema, "Si uliniona namziba mtu mdomo huku anatapika? Basi nenda katapike nje."

Mjomba, niliichukua ile barua nikatoka. Maneno yale sikuyasema kiwandani. Sikumwambia Mama, sikumwambia Dada. Niliyaandika mara moja tu, nikakutumia wewe.

Sitaki kudhani vibaya. Kama kuna maelezo mengine, niambie, nitayaamini hata yakiwa mepesi.

Mpwa wako

&nbsp;

15 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Afya yangu si mbaya.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa kila nilipoanza, kalamu iligoma. Ndiyo, nilizungumza na mkwe wangu. Nilimsomea barua yako, yote. Nilidhani akisikia maneno yako mazito atashtuka, atengeneze kimyakimya, yaishe ndani ya familia. Na vali si amebadilisha? Ulitaka vali nzuri, imepatikana. Kwamba angekufukuza, hilo sikulijua. Naapa.

Jaribu kukivaa kiatu changu hiki kinachobana. Dada yako ni mjamzito. Kiwanda kikifungwa, mumewe anaanguka, na yeye anaangukia wapi? Ungekuwa mzazi ungejua kwamba mtoto akilia huulizi kwanza nani mwenye haki. Umenilazimisha kuchagua kati yako na binti yangu, na hilo si jambo la kumfanyia mtu mzima.

Nina rafiki mwenye karakana ya matrekta. Nimeshamwambia habari zako. Nenda kamwone, anakungoja.

Mjomba wako

&nbsp;

22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Asante kwa habari ya karakana. Siendi.

Unasema ulichagua kati yangu na Dada. Katika barua yako yote, wale akina mama wa pasi hawamo, hata kwa jina la utani. Umenisahau mimi, sawa, mimi ni wako, unaweza kuniomba radhi siku moja tukacheka. Wao hukuwasahau. Hukuwahesabu kabisa.

Na vali mpya si jibu. Vali ni ya kutoa mvuke ukizidi. Bamba likiwa limeoza, boila linapasuka kwa presha ileile ya kila siku, na vali inatazama. Hili sikufundishi, Mjomba. Nakurudishia.

Nimepeleka malalamiko yangu kwenye bodi ya wahandisi. Nimeomba jambo moja: waamuru boila lifunguliwe, lipimwe. Watakuita, maana hakuna anayelijua boila lile kuliko wewe. Sikuombi unitetee. Sikuombi umlaani mkweo. Wakikuuliza kama sauti butu ni sababu ya kutosha ya kulizima, jibu tu ulivyonijibu mimi tarehe tisa Machi.

Mpwa wako

&nbsp;

3 Mei

Mpwa wangu,

Nimepata wito wao. Nitasema kweli. Lala usingizi, mwanangu.

Mjomba wako

&nbsp;

30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Jana kwenye kikao cha bodi hukunipa nafasi ya kukuamkia, kwa hiyo nakuamkia leo.

Nilifurahi ulipoingia, ujue. Ulivaa koti lako la kijivu, nikasema moyoni, mzee kaja na koti la kazi. Ukapita mbele yangu ukaenda kuketi karibu na Shemeji. Nikajiambia viti vya upande wangu vimejaa. Havikuwa vimejaa.

Mwenyekiti akakuuliza kuhusu sauti butu. Ukavua miwani, ukaifuta ilhali haikuwa na kitu. Ukasema, "Binti ana bidii, ila ni mchanga. Nimeona maboila mabaya kuliko hilo yakafanya kazi miaka mingi. Kugonga na kusikiliza si kipimo."

Nilitazama mikono yangu. Ndiyo mikono uliyoifundisha kugonga.

Sijui kama uliona Shemeji alivyokupigapiga begani. Wakaanza kukusanya vitu vyao. Hapo ndipo yule mama mkimya wa mwisho wa meza, ambaye asubuhi nzima nilidhani anasinzia, akasema, "Mzee, swali dogo. Binti yako mwenyewe, ungemruhusu akae na pasi nyuma ya ukuta ule?"

Nilingoja jibu lako kuliko wote. Ukachukua glasi ya maji. Ukanywa. Ukaiweka. Ukaichukua tena, imeshaisha.

Yule mama akasema, "Ahsante, tumekusikia." Wakaenda kujadiliana, wakarudi na amri ya kulizima na kulipima.

Kwa hiyo nimepata nilichoomba. Lakini si kwa neno lako. Ni kwa kiu yako.

Mpwa wako

&nbsp;

18 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Mwili upo, nguvu hazipo. Nauliza hali yako na ya mama yako.

Sijui kama umesikia. Boila lilifunguliwa wiki iliyopita, nami nikaitwa kushuhudia. Mkaguzi aliingiza nyundo chini, pale ulipopasema. Alipiga kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Nyundo ikapita. Haikutoboa kwa nguvu, mwanangu, ilipita tu kama inaingia kwenye mkate. Bamba lilikuwa jembamba kama kifuniko cha sufuria. Wale akina mama walikuwa wamesimama mlangoni wanatazama lile tundu. Mmoja mnene akaugusa ukuta kwa kiganja, akaondoa mkono haraka.

Kiwanda kimefungwa. Mkwe wangu kasimamishwa, ana kesi. Dada yako karudi kwangu na watoto. Hasemi nami, ananiwekea chakula mezani anaondoka. Nyumba imejaa watu na hakuna anayesalimia.

Ulikuwa na haki. Nalisema wazi. Nisamehe.

Kuna jambo jingine. Bodi imeniandikia. Wanataka kujua kama nilikuwa na habari ya hali ya boila kabla ya siku ile ya kikao, na wanaweza kuninyang'anya uhandisi. Watakuuliza na wewe. Ungewaambia kwamba uliniandikia kuhusu vali peke yake, na bamba hukulitaja. Neno dogo tu. Mimi ni mzee, sina kingine watu wanachoniitia zaidi ya uhandisi. Familia yetu imeumia ya kutosha.

Njoo nyumbani tuzungumze.

Mjomba wako akupendaye

&nbsp;

2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama ni mzima, anakusalimu. Nilimsomea barua yako mpaka pale ulipoomba msamaha, akalia. Sikumsomea iliyobaki.

Nilikutana na Mama Mapacha sokoni. Nilijificha nyuma ya magunia, kwa kuwa amekosa kazi na nilijua kwa sababu ya nani. Akaniona. Akasema, "Usijifiche, wewe si mwembamba kiasi hicho." Nikamwomba radhi kwa kiwanda kufungwa, nikamsimulia na barua niliyokuandikia. Akasema njaa anaifahamu, si mgeni kwake. Kisha akaniuliza, "Mwezi wa tatu ulijua?" Nikasema ndiyo. "Na kila asubuhi ulipita mezani kwangu ukanisalimia?" Nikasema ndiyo. Akafunga kitambaa chake kichwani, akasema, "Sasa kwa nini ulimwambia mjomba wako?"

Swali hilo nimelibeba mpaka nyumbani, Mjomba. Nilikupa wewe siri ya watu waliokuwa wanaegemea ukuta ule, na wewe hukuwahi kuuegemea. Nilidhani kukuambia wewe ni kuwaambia wahandisi wote wema duniani. Tangu jana nimekuwa nikizunguka kwa wale akina mama, nyumba moja baada ya nyingine, nawaeleza wenyewe yaliyotokea. Wengine wananipa kiti. Wengine wananiacha nisimame mlangoni.

Bodi waliniuliza jana kama nilikutajia bamba. Nimewaambia ndiyo. Wakaniuliza ulinijibu nini. Nimewaambia ulinijibu vizuri sana, kwamba sauti butu si kitu cha kupuuza, na ndivyo ulivyonijibu.

Ujomba haufutwi na bodi, wala mimi siwezi kuufuta. Ukiugua nitakuja. Ila sitakuuliza tena jambo la kazi, na wewe usinifundishe.

Mwambie Dada chumba changu cha nyuma kiko wazi, nimekipaka rangi, na kitanda cha watoto nimekipata. Aje wakati wowote kabla hajajifungua. Nitampokea stendi mwenyewe. Wewe usimsindikize.

Mpwa wako