Nilinyoa kichwa, majirani bakaleta kuni

Butembo, siku ya ine ya juma. Ukungu ilifunika milima mupaka saa ine ya asubui. Na mie nilibakia ndani ya blanketi, kama kiazi cha mashamba ya Musienene chenye hakuna mutu anakichimba.

Ni hivi tangu msimu ya kakao. Muhindo, mutoto wetu, alishuka Beni kuvuna shamba, kule batu banauawaka mashambani, hakurudia. Hakuna mwili, hakuna habari. Donc basi, hatukufanya matanga. Bibi yangu, Mama Muhindo, hapendi mutu aseme neno «alikufa» ndani ya nyumba. Mie, usingizi ilikimbia, chakula haina ladha, hata kuchokoza batu kunanishinda. Hapo ndipo nilijua niko mugonjwa.

Juzi, mama wa centre de santé, kituo cha afya, mwenye kusikilizaka batu ba roho nzito aliniambia nikae kimya, nisikilize pumuzi yangu. Nikamujibu mie nayisikiaka kila siku, hata majirani banayisikia. Hakucheka. Akasema basi nianze na mwili: nioge, nikate nywele, nijitunze kidogo.

Leo nilijikaza. Nikaoga maji ya moto. Nikaenda kwa kinyozi, nikamwambia anyoe yote, nywele na ndevu, sababu nilishafanana na mbuzi ya padiri. Njiani upepo ikapiga kichwa, nikasikia vizuri.

Kweli, kidogo nilisikia vizuri.

Kisha nikaingia kwetu.

Huku kwetu, muzee akinyoa kichwa chote, ni kusema amefiwa. Hata batoto banajua. Lakini huzuni inakulaka akili, sikuwaza.

Mama Muhindo akaangalia kichwa changu, akaacha kupepeta maharagi. Akauliza polepole: «Nani alikuletea habari?»

Nikasema hakuna habari, ni mambo ya kujitunza tu. Hakusikia. Na majirani balishaniona njiani. Moja akaingia na kuni ya moto ya matanga kichwani, mwingine na kiti, bakakaa uani. Nikajaribu kubachekesha: eti barudie na kuni yabo, hapa hakuna mufu, ni muzee tu amejipamba. Hakuna aliyecheka. Hata mie.

Sasa bamekwenda. Mama Muhindo amefungua kitambaa ya kichwa, amenipa wembe, amekaa chini mbele yangu.

«Baba Muhindo, unikate na mie.»

Nimemwambia angoje nimalize kuandika. Anangoja, shingo imeinama.

Nikimukata, ni mie nimemuzika mutoto. Nikikataa, tutamungojea mupaka lini?

Na maneno ya kuandika imeisha.