Sauti ya Viganja Vikisuguliwa

Mdogo wangu Amani,

Salamu nyingi zikufikie huko kambini. Hapa Yeoville tu wazima, ila baridi ya Joburg mwaka huu haina adabu, nashona nikiwa nimevaa makoti mawili. Mguu wa mama unaendeleaje? Mtoto ameshaota meno? Nilikuwa na habari za kukuchekesha, lakini zote zimenitoka.

Ile picha yako ya magwanda niliitundika dukani, juu ya cherehani. Kila anayeingia namwambia huyo ni mdogo wangu, dokta wa jeshi. Hata wanaokuja kuuliza njia tu nawaambia. Juzi akaja mtu wa kwetu, Baba Ombeni, amefika huku si zamani. Anaozesha binti, anataka suti. Nikamwambia ainue mikono nimpime. Wa kulia ukapanda, wa kushoto ukagoma usawa wa kifua. Nami kwa mdomo wangu huu nikamtania kwamba amezoea kubebewa mizigo na mkewe. Akacheka kidogo. Kisha akaiona picha, akauliza ni nani. Nikamjibu kwa majivuno yale yale.

Akaketi. Akanisimulia jinsi askari walivyomshika huko nyumbani, wakamfunga kitambaa machoni, wakamning'iniza kwa mikono ataje watu asiowajua. Akaitaja na kambi, Amani. Ni hiyo uliyopo. Alipozimia wakaita dokta. Alipozinduka akamsikia, akafurahi, akadhani ameokoka. Uso hakuuona. Alisikia tu dokta akisugua viganja, akikipasha moto kile chombo cha kusikilizia moyo kabla ya kumwekea kifuani.

"Nikajua ni mtu wa huruma," akaniambia. "Akasikiliza vizuri, bila haraka. Halafu akawaambia, moyo uko sawa, mnaweza kuendelea."

Mungu wangu. Utepe wa kupimia ulinidondoka. Kusugua viganja ni desturi ya mama yetu, na ukunga wake. Tangu lini mama alimgusa mzazi kwa mkono wa baridi? Na wewe ulimuiga hata shule hujaanza, ukimsikiliza mbuzi moyo kwa kikombe. Labda madaktari wengi hufanya hivyo. Najiambia hivyo tangu juzi, lakini mwili unakataa.

Baba Ombeni sikumwambia kitu. Suti yake nimeiachia kwapa pana, aivae bila kuinua mkono.

Najua utasema ni amri. Najua jeshini anayekataa hufungwa yeye. Kama walikuelekezea bunduki, niambie, nitalia nawe. Lakini siku ya kuhitimu uliapa mbele yetu kwamba mgonjwa ni mgonjwa, mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Na mfungwa ni mgonjwa wako. Wakikuita tena, sema moyo hauko sawa. Sema huyu atakufa, apelekwe hospitali. Uwe uongo, Mungu atakusamehe huo.

Picha nimeitoa ukutani. Wateja wakiuliza dokta yuko wapi, nasema kioo kilivunjika.

Nisalimie mkeo Neema, na shangazi Vumilia aliyeuza ng'ombe wake wewe usome. Mama mwambie namkumbuka, ila hili usimwambie. Bado anawafundisha wakunga wasichana kusugua viganja.

Ni wewe, Amani?

Dada yako anayekupenda na kuogopa jibu lako,
Furaha