Milioni Moja na Moja

Uvira, Jumanne. Mvua ya asubuhi imekatika na ziwa limetulia, lakini mimi naona aibu hata kukaa meza moja na binti yangu.

Risasi zinapoanza kulia huko milimani, sisi tunakaa kwenye korido, mbali na madirisha, na mimi nampa Esta namba kubwa atafute kinachoigawanya. Ana miaka kumi na miwili. Akizama kwenye hesabu hasikii kitu. Na mimi nikimtazama, woga unanipungua.

Leo nilimpa 1 000 001. Niliichagua kwa hila. Ukiigawa kwa tatu, inabaki mbili. Kwa saba, mbili. Kwa kumi na moja, mbili. Kwa kumi na tatu, mbili tena. Ni namba yenye kiburi, inasomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia, na miaka yote ya ualimu nimeamini kwamba haigawanyiki kabisa. Nilitaka imshughulishe mpaka bunduki zinyamaze.

Zilikuwa bado zinalia alipoinua kichwa. "Papa, iko inagawanyika. Na mia moja na moja."

Mama Neema, tuliyempokea alipokimbia kutoka Runingu, alikuwa pale na wanawe. Huwa ananiita Profesa. Nikamjibu mtoto kwa sauti ya darasani: "Acha kubahatisha. Weye unajua kuliko mwalimu?"

Sikuitazama hata hesabu yake.

Esta aliweka chini kipande cha mkaa alichokuwa akiandikia sakafuni. Risasi zilipozidi, aliziba masikio akaanza kulia. Tangu vita itufikie, hajawahi kulia kwenye korido ile.

Kulipotulia niliinama nikasoma. Nilimfundisha kupima kama namba inagawanyika kwa kumi na moja, kwa kutoa na kujumlisha tarakimu moja moja, kutoka kulia. Yeye alizikata mbili mbili: 01, toa 00, jumlisha 00, toa 01. Sifuri, yaani inagawanyika kwa mia moja na moja. Mimi sijawahi kuwaza hivyo. Nikazidisha mwenyewe, 101 mara 9 901, na ikatoka milioni moja na moja, bila baki.

Yaani nilimnyang'anya mwanangu mahali pake pa kujificha, ili Mama Neema asinione mjinga.

Jioni hii nimemfuata jikoni, anachambua ndagala, vile visamaki vya ziwani. Nimemwambia alikuwa sahihi. Hakushangaa.

"Minye nilijua, papa. Nilinyamaza juu ya Mama Neema kuwa pale. Angekucheka."

Alikuwa analia kwa woga, na bado alikuwa ananilinda mimi.

Mama Neema yuko uani sasa hivi, anawasha mbabula, jiko lake la makaa. Hesabu haijafutwa sakafuni. Naenda kumwita aje, Esta amwonyeshe, mimi nikiwa nimesimama palepale, kabla sijapata kisingizio cha kungoja kesho.